Uzi wa Juu Unavyolala

Nilijifunza kutarizi nikiwa nimepita miaka arobaini, kwenye kipande cha mfuko wa mchele, katika nyumba ya mwanamke aliyeniita nimtengenezee cherehani. Sikuwa nimepanga. Mengi ninayoyajua nimeyapata kwa njia hiyo: naenda mahali kwa shughuli moja, naona nyingine, nakaa. Shule niliiacha darasa la tano. Baada ya hapo nilishona midomo ya magunia katika bohari la kahawa, nilibeba mizigo bandarini, nilichoma matofali Uvira kwa misimu miwili, nikarudi, na siku hizi natengeneza cherehani. Nimepanga chumba Musaga, mtaa wa juu wa Bujumbura. Nina mabegi mawili, na moja sijawahi kulifungua lote.

Mwaka huo petroli ilikuwa haba na mabasi yalikuja pale yalipopenda, kwa hiyo nilikuwa nateremka mjini kwa miguu, bisibisi na chupa ya mafuta ya mashine begani. Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya vitambaa: ua wa saruji, lango la bati, vyumba vitatu. Cherehani haikuwa na ugonjwa mkubwa. Nyuzi zilikuwa zimejisokota chini ya meno na kugandamana na mafuta ya zamani. Nilipokuwa nikizikwangua niliuliza ni nani anayeitumia, maana mwenye nyumba mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta, kuanzia karibu na kiwiko mpaka ncha za vidole tu ndizo zilizochungulia.

"Kwa sasa hakuna," akasema. "Niliteleza hapo uani, kwa maji ya sabuni."

"Sasa mbona unaitengeneza?"

Aliyejibu ni dada yake mkubwa, mwanamke mnene aliyekuwa uani akikaanga sambusa za kuuza. "Mashine haikuvunjika mukono, fundi. Fanya kazi yako."

Nilifanya kazi yangu. Ila nilipohitaji mahali pa kulaza kichwa cha cherehani, mwenye nyumba aliondoa shuka jeupe lililofunika meza ya dirishani, na chini ya shuka kulikuwa na kitambaa cheusi chenye ukubwa wa sinia. Theluthi mbili za juu zilikuwa zimejaa misalaba midogo ya uzi mwekundu, maelfu, imepangwa ikawa nyota na miti na mistari ya pembeni. Theluthi ya chini ilikuwa tupu. Juu ya kitambaa chote palikuwa pameshikizwa wavu mgumu wa pamba wenye matundu madogo ya mraba, kama chandarua kilichotiwa wanga.

Niliuliza ni kitu gani. Watu wengi huchoshwa na maswali yangu. Yeye hakuchoka, au labda alikuwa hajaulizwa kwa muda mrefu.

Alikuwa ameishi Amman miaka tisa, akifanya kazi za nyumbani kwa bibi mmoja wa Kipalestina ambaye kijiji chake alikiacha akiwa mtoto mchanga na hakukiona tena. Alasiri, vyombo vikishaoshwa, bibi alitarizi, na baada ya mwaka wa kwanza akamwambia mtumishi wake akae naye atarizi pia. Kitambaa hiki kilikuwa kipande cha kifuani cha gauni. Gauni lenyewe lilikuwa Amman, limening'inia kabatini, mikono na pindo vimekamilika, kifua kitupu. Baba yake alipougua hapa Bujumbura na ikabidi arudi, bibi alimtilia kitambaa kwenye begi akamwambia, kamalizie huko.

Alirudi, akamzika baba, baadaye akamzika na mume. Kitambaa alikigusa mara chache. Sasa mjukuu wa bibi alikuwa anaolewa, na bibi alitaka kuvaa gauni lile siku hiyo. Binti wa jirani alikuwa amepata kazi mji huohuo na angeondoka baada ya siku kumi na tisa. Angekichukua.

"Si umwambie umevunjika mkono?" nikauliza.

"Apana."

"Kwa nini?"

Alirudisha shuka, akalinyoosha kwa mkono wa kushoto. Bibi alimpigia simu kila Ijumaa baada ya sala, akasema, na kila Ijumaa alimuuliza amefika wapi. Wiki ile alipoanguka alimjibu kwamba amefika kwenye miti ya chini. Alitaka tu kumtuliza. Wiki iliyofuata akasema yuko palepale kwenye miti. Miti haikuwapo.

"Na bibi haoni tena," akasema. "Anaona mwanga tu, na mutu kama amesimama mulangoni."

"Basi mpe fundi yeyote wa mtaani amalizie. Atajuaje?"

"Atashika."

Nilingoja aendelee. Akaniambia kwamba bibi hupitisha kidole gumba juu ya kazi, mbele kwanza, halafu nyuma, na nyuma ndiko anakokaa zaidi. Alikuwa akifanya hivyo hata wakati bado anaona. Alizoea kusema: hapa ulikuwa na usingizi, hapa ulikuwa na hasira, hapa ulisikia simu. Kwa hiyo mwanamke huyu hakuogopa kukosa siku ya safari peke yake. Aliogopa kwamba bibi angeweka kidole kwenye miti ile, akakuta mkono asioujua, na akaelewa kwamba Ijumaa zote zile alikuwa akidanganywa na mtu aliyemlea kama mwanawe. Hata hivyo kifua kitupu kilikuwa kibaya zaidi. Alikuwa ameshawauliza mafundi wawili wa mtaa. Mmoja alicheka, mwingine akamwambia alete, atapitisha mashine dakika kumi.

Nikamwambia anifundishe mimi.

Dada yake alisikia kutoka uani. "Yoo! Sasa huyu tutamuozesha kwa nani?"

"Mi nimeshona magunia ya kahawa," nikasema.

"Basi unajua kila kitu," akasema dada, akageuza sambusa.

Lipo jambo la namna ya kukaa, na nalieleza hapa kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Nilikuwa mwanamume, si ndugu, katika nyumba ya mjane, kwenye mtaa ambao watu wanajua nani kaingia lango gani na katoka saa ngapi. Hakuna aliyesema neno. Tuliweka tu viti kama vilivyopaswa kuwekwa: mlango wazi, meza katikati, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na dada uani ambako angeweza kutuona sote wawili akiinua macho. Kwa siku zote zile nilikaa nikiwa nimemkabili.

Ule wavu anauita kaneva, na alikuwa na huo uliokwisha kushikizwa kwenye kitambaa tu, kwa hiyo hakutaka niujaribie. Alitoa mfuko mtupu wa mchele, akaukata vipande viwili. Mfuko wa mchele umefumwa kwa tepe bapa za plastiki, moja juu moja chini, na kila zinapokutana hutokea pembe nne ambazo sindano inaweza kupita. Alibana kipande chake kati ya ncha za vidole vilivyochungulia kwenye plasta, akakisimamisha mbele ya kifua kama mtu anayesoma gazeti, na akapitisha sindano kwa mkono wa kushoto, polepole, dirisha likiwa nyuma yake, ili niione sindano kupitia mfuko. Nami nikakisimamisha changu vivyo hivyo na kufuata.

Mshono wenyewe ni alama ya kuzidisha, hesabu niliyoiachia shuleni. Uzi mmoja unalala kwa mshazari, mwingine unapita juu yake kwa mshazari wa upande wa pili. Hakuna zaidi. Mtoto anaweza kuujua kabla chai haijapoa. Kazi iko kwenye masharti. Uzi usizidi urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, la sivyo unachakaa kabla haujaisha. Unakwenda safu nzima kwa nusu msalaba, halafu unarudi ukifunga. Unahesabu matundu ya wavu, huhesabu misalaba. Sindano isipasue uzi wa kaneva, ipite kwenye tundu, kwa sababu mwishoni kaneva yote itachomolewa uzi mmoja mmoja na misalaba itabaki peke yake kwenye kitambaa. Na katika kazi nzima uzi wa juu ulale upande mmoja, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

Nilianza kwa kupiga fundo. Kwenye magunia ndivyo inavyoanza: fundo, kuvuta, fundo. Alipogeuza kipande changu mara ya kwanza akakitazama nyuma kwa muda.

"Fundi, hii iko na upele."

"Fundo si linashika?"

"Linashika, na bibi atalikuta. Apana fundo. Acha mukia ya uzi, uilaze, misalaba inayofuata ipite juu yake. Itajishika."

Nilifumua. Nikaanza tena bila fundo, nikawa navuta kila mshono mpaka usikike. Hilo nalo lilikuwa la magunia, kwa sababu gunia lisilovutwa linamwaga. Mfuko ukaanza kukunjamana.

"Unanyonga nani?" dada akauliza kutoka uani.

"Uzi ukae tu," mwenye nyumba akasema. "Usiuvute. Ukifika, simama."

Siku ya tatu niliweza kufanya mti mzima. Miti yao ni mirefu na myembamba, ile wanayoiita sipre, ambayo huku kwetu unaikuta kwenye viwanja vya misheni za zamani huko milimani. Nilihesabu sawasawa kabisa, na bado mti wangu ulitoka mrefu kupita kiasi, umesinyaa kama mtu aliyepona malaria jana. Nilihesabu tena. Hesabu ilikuwa sahihi. Ilinichukua mchana mzima kugundua kwamba tepe za mfuko wa mchele hazifumwi kwa mraba: za wima zimebanana kuliko za kulala, hivyo kila msalaba ulikuwa umerefuka kidogo kabla sijaugusa. Nilifurahi sana kugundua hilo. Nikamweleza kwa urefu. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba kaneva ya kweli ni mraba, nisihangaike, na akafunua shuka.

Mkono wangu ulikuwa mzito siku ya kwanza kwenye kitambaa cheusi. Nilitoboa nilipoambiwa. Msalaba wa kwanza, wa pili, safu. Alivaa miwani akaja mpaka ukingo wa meza, akatazama, akasema "endelea," akarudi kwenye kiti chake. Tangu hapo nilikuwa nafika asubuhi, naondoka kabla ya adhana ya magharibi, na wateja wa cherehani waliponitafuta walielekezwa huko. Wanunuzi wa sambusa nao walizoea. Mmoja, makanika wa gereji ya jirani, mikono yake ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, alisimama mlangoni na sambusa mdomoni akaniangalia kwa muda mrefu.

"Muze, hiyo inakuwa nini?"

"Mti."

"Mbona nyekundu?"

Nilimgeukia mwenye nyumba, kwa kuwa swali lilikuwa zuri na mimi nilikuwa sijaliuliza. Akasema kwamba mti ni mwekundu, ndege ni mwekundu, na nyota ni nyekundu, hivyo tu. Nikauliza kuhusu ile nyota kubwa ya katikati, yenye pembe nane. Akasema haiitwi nyota, inaitwa mwezi.

"Kwa nini mwezi?"

"Niliuliza hivo hivo. Bibi akaniambia, kwa sababu ndilo jina yake."

Makanika akamaliza sambusa yake na kuondoka, hakuridhika. Mimi pia sikuridhika. Bado sijui.

Ijumaa ya kwanza nikiwa nimekaa pale, simu ililia. Nilisikia sauti ya bibi kwa mara ya kwanza, kali na ya juu, kama ya mtu asiyeamini kwamba waya, au kisichokuwa waya, kinaweza kubeba sauti umbali huo. Kiarabu changu ni cha salamu na cha kuombea wafu. Lakini nilielewa swali, kwa sababu lilikuwa fupi na kwa sababu mwanamke alitazama kitambaa mikononi mwangu kabla ya kujibu. Alipokata simu aliweka kifaa mezani kifudifudi.

"Nimemwambia niko kwa miti," akasema. "Leo ni kweli."

"Kidogo," dada akasema kutoka uani.

Niliendelea kuhesabu matundu.

Nimefanya kazi nyingi ambazo mwili ulizifanya na akili ikaenda kwingine. Hii haikuruhusu. Ukiwaza habari ya kwenda Kigoma, na mimi huwaza habari ya kwenda mahali kila baada ya dakika chache, unakosea tundu moja, na tundu moja linahamia safu ya juu na ya juu yake, mpaka tawi linatokea hewani. Mara mbili nilifumua saa nzima ya kazi. Ya tatu ilikuwa siku nzima. Kila mara alinipa wembe mdogo, akanionyesha kukata kutoka nyuma, kamwe si mbele. Niliona kwamba alikuwa anahesabu siku kwa namna ambayo mimi nahesabu matundu.

Nilimaliza siku moja kabla ya safari, mchana, baada ya adhuhuri. Pindo la chini lilikuwa na miti saba na mstari wa vijipembetatu chini yake. Niliulaza uzi wa mwisho chini ya misalaba kama nilivyofundishwa, nikakata. Dada alikuja akiwa na unga mikononi, akasimama mbali ili asiguse. Akasema: "Ee. Ni muzuri," kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameandaa maneno mengine.

Kilichobaki kilikuwa kuchomoa kaneva. Unalowesha kidogo kwa kitambaa chenye maji, wanga unalainika, kisha unavuta uzi mmoja mmoja kwa kibano, kwanza zote za wima, halafu zote za kulala. Zikishatoka, hakuna tena matundu ya kuhesabu. Huwezi kurekebisha kitu. Kwa sababu hiyo mwanamke alichukua kitambaa akaenda nacho mlangoni, penye mwanga, kukikagua mara ya mwisho.

Alisimama hapo. Akakiinamisha kushoto, akakiinamisha kulia. Kisha akaniita.

Sehemu ya juu, ile ya zamani, ilikuwa inang'aa. Sehemu yangu ilikuwa imefifia, nyekundu iliyokolea zaidi, kama gauni lililolowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Alipokiinamisha upande wa pili, yangu ikang'aa na ile ya juu ikafifia. Uzi ulikuwa mmoja, kutoka kibunda kilekile. Nilikisogeza karibu na macho. Misalaba ya juu, uzi uliolala juu ulipanda kwenda kulia. Misalaba yangu, yote, kuanzia siku ya kwanza, ulipanda kwenda kushoto.

Tulielewa kwa wakati mmoja, nafikiri, kwa sababu wote wawili tulitazama viti. Siku zile za mfuko wa mchele alikuwa amesimamisha kipande chake mbele ya kifua, nami nilikuwa nimemkabili, na nilifuata nilichokiona, kama mtu anayejifunza kuchana nywele kwa kumtazama aliye ndani ya kioo. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Kwenye mfuko wa mchele haikuonekana, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kulinganisha nacho.

"Fumua," akasema.

"Yote?"

"Yote."

"Binti anaondoka kesho asubuhi."

"Najua binti anaondoka lini."

Aliketi. Dada yake aliingia, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kusema kwamba mtu gani ataona, akanyamazishwa kwa jicho moja. Aliyesubiriwa hakuwa mtu wa kuona. Aliyesubiriwa alikuwa na kidole gumba.

Nilichukua wembe, nikageuza kitambaa kifudifudi juu ya meza ili nianze. Sikuanza. Nilikuwa sijawahi kuutazama upande wa nyuma wa sehemu ya zamani kwa utulivu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa chini siku zote. Nikapitisha kidole kama alivyosema bibi hupitisha. Katikati kulikuwa laini. Pembeni kulikuwa laini. Kwenye pembe ya juu, ya kushoto ukikitazama kwa mbele, mahali penye pindo jembamba mbali na mwezi ule wa pembe nane, palikwaruza. Nikageuza mbele. Safu sita, labda saba. Uzi wa juu ulipanda kwenda kushoto. Kisha, bila sababu yoyote, katikati ya safu, ulibadilika ukaanza kupanda kulia, na haukubadilika tena.

"Hapa alishona nani?" nikauliza.

Akasogea. Hakuhitaji miwani. "Mimi. Hapo ndipo nilianzia. Alinipa pembe, ili nisimuharibie katikati."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

Akasema bibi alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na yeye mtumishi alikaa chini, kwenye zulia, mbele ya magoti yake. Amemkabili. Hakuwa amewahi kufikiria kukaa kwingine. Baada ya wiki chache bibi alimwambia zulia lina baridi, akamvutia kigoda, akakiweka kando ya kiti.

"Na hakukuambia umekosea?"

"Apana. Alisema vizuri. Kila siku alisema vizuri." Akashika ile pembe kati ya kidole na gumba. "Na wakati huo macho yake yalikuwa mazima."

Dada yake alirudi uani.

Nilikuwa bado nimeshika wembe. Nilimuuliza nifanye nini, na nilikuwa tayari kufumua, kwa kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Aliuchukua wembe mkononi mwangu akauweka kwenye sahani. Kisha akaenda kuleta maji kwenye bakuli, kitambaa safi, na kibano cha nyusi.

"Chomoa," akasema.

Tulichomoa mpaka adhana ya alasiri ikapita, mimi kwa mkono wa kulia, yeye kwa wa kushoto, kila mtu upande wake wa meza. Nyuzi za kaneva hutoka zikiwa na sauti yao ndogo, kama karatasi inayopasuliwa polepole. Zilijaa bakuli. Zilipokwisha, kitambaa cheusi kililegea na misalaba ikakaa juu yake kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu cha kuishikilia. Ukiinamisha kwenye mwanga, mpaka kati ya sehemu mbili ulionekana wazi. Alikikunja mara nne, akakifunga kwenye mtandio wake mwenyewe, na jioni hiyohiyo binti wa jirani alikuja akakichukua.

Nilirudi kwenye kazi zangu. Nilikuwa nimeanza kuuliza habari za mashua za kusini, jambo ambalo kwangu hutangulia kuondoka. Lakini nilikuwa napita Asiatique kila baada ya siku moja au mbili, nikinunua sambusa nisiyoihitaji, na dada alikuwa ananiambia kabla sijauliza: "Bado." Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Mwanamke hakupiga yeye.

Siku ya kumi nilikuta lango limefunguliwa na dada akinipungia mkono wenye unga.

"Njo, njo. Imeingia."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Mwenye nyumba alikuwa ameketi mezani, plasta imeshatolewa, mkono wake uliopauka na kukonda umelala kama kitu cha kuazima. Alikuwa hajausikiliza. Alisema alikuwa ananingoja, kisha akasema hapana, hakuwa ananingoja, alikuwa anamngoja dada amalize kukaanga. Akabonyeza.

Mwanzoni hapakuwa na maneno. Palikuwa na msuguano mdogo, wa mara kwa mara, nami niliutambua: kidole juu ya uzi. Kilikwenda, kikasimama, kikarudi. Kisha sauti ile kali ikasema sentensi moja fupi, na baada yake kicheko, kirefu, cha mtu mzee ambaye kinamletea kikohozi. Kisha maneno mengine machache. Kisha ikaisha.

Mwanamke alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Anasema nini?" dada akauliza. "We, sema! Mafuta yanaungua."

"Anauliza, ni nani alikuwa amekaa mbele yako."

Dada akaninyooshea kidole.

"Na huko mwisho?" nikauliza. "Amesema kitu tena mwishoni."

"Amesema, mwambie huyo binti asivute uzi sana. Amevuta mpaka kifua kinabana."

"Binti!" dada akapiga kofi. "Yoo, binti wetu, hongera!" Na akarudi uani mbio, kwa sababu mafuta kweli yalikuwa yanaungua, na tulimsikia akiendelea kuita binti, binti, kwa faida ya makanika wa gereji.

Mwanamke aliweka simu mdomoni akajibu kwa Kiarabu. Alizungumza kwa muda, na sikumkatiza. Aligusa mkono wake uliovunjika wakati akizungumza, kwa hiyo nilijua amefika hapo. Baadaye kidogo alinitazama, akasema jambo lenye neno ninalolijua, fundi, alilolitia kwa Kiswahili lilivyo. Akatuma. Jibu la bibi lilikuja kabla sijamaliza chai, na safari hii alinitafsiria bila kuombwa: mwanamume au mwanamke, asivute.

Habari za mashua nilizipata siku iliyofuata. Ilikuwepo moja ya Jumatatu. Nilipita Asiatique kuaga, na nilikuta juu ya meza kitambaa kipya, cheupe, na kipande cha kaneva ambacho binti wa jirani alikuwa amekituma kwa mtu aliyekuwa anarudi. Kiti changu hakikuwa mlangoni. Kilikuwa kimehamishiwa upande wa dirisha, sambamba na cha mwenye nyumba, na kati ya viwili hivyo kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikuwa amekaa dada, sinia la vitunguu magotini, akivimenya na kutokwa na machozi.

"Kaa basi," akaniambia. "Unafikiri mi nakaa hapa kwa raha yangu?"

Nilikaa. Kutoka hapo niliweza kuona, juu ya bega la dada, mkono wa mwenye nyumba ukienda kulia, na kulia kwake kulikuwa kulia kwangu.